Rivyu: Apache Giraph, kuandika kazi yako mwenyewe ya grafu na kuipeleka kwenye klasta

Naanza na jibu ili asiye na muda aondoke nalo. Giraph, programu ya kuchakata grafu (mtandao wa nodi na viungo vinavyoziunganisha) kwenye klasta, yani kompyuta nyingi zinazofanya kazi pamoja, ni shule nzuri sana ya kufikiria grafu kubwa, mimi sijaona nyingine inayoifikia, ila kama unajenga mfumo mpya leo usiichague, mradi wenyewe ulishastaafishwa na Apache, taasisi ya programu huria iliyokuwa inausimamia, mwaka 2023, hamna toleo jipya linalokuja na hamna wa kuziba hitilafu. Yote mawili ni kweli kwa pamoja na ntaeleza kwanini, maana naona wengi wanaiponda bila kuwahi kuandika hata klasi moja yao wenyewe ndani yake, wanaendesha mfano uliokuja nayo, unakwama, basi wanatoa hukumu.

Mimi naongelea kazi niliyoiandika mwenyewe. Nilikuwa na rekodi nyingi za watu kutoka mifumo tofauti, na kuna programu nyingine ilishazilinganisha mbili mbili ikatoa alama ya kufanana, hii na ile 0.93, hii na ile 0.41, hivo hivo mpaka mwisho wa faili. Swali ni rekodi zipi zote ni za mtu mmoja. Hiyo ni grafu tayari: rekodi ndo nodi, alama ndo uzito wa kiungo, na unatafuta makundi ya nodi zilizoshikana, kwa sharti kwamba kiungo chenye uzito mdogo hakihesabiki. Giraph inakuja na mfano wa kutafuta makundi lakini ule hauangalii uzito kabisa, kwahiyo ikabidi niandike wa kwangu.

Sasa uzuri wake. Kwenye Giraph huandiki programu inayoitazama grafu nzima kutoka juu, unaandika nodi moja inafanya nini, basi. Unatengeneza klasi ya Java inayorithi BasicComputation, unaitajia aina nne, yani namba ya nodi, thamani ya nodi, thamani ya kiungo na meseji, alafu unaandika fankshen moja tu inaitwa compute. Nodi inaamka, inasoma meseji ilizotumiwa raundi iliyopita, inabadilisha thamani yake kama kuna haja, inatuma meseji kwa jirani zake, inaita voteToHalt na kulala. Ikipata meseji inaamka tena. Nodi zote zikiwa zimelala na hamna meseji iliyoko njiani, kazi imeisha. Raundi moja inaitwa superstepu, na kati ya raundi na raundi mashine zote zinasubiriana, hakuna inayoanza ya pili mpaka ya mwisho imalize ya kwanza. Wazo hili la kusubiriana Leslie Valiant aliliandika mwaka 1990, Google wakalichukua kwenye grafu na mfumo wao wa Pregel waliouelezea mwaka 2010, kisha Giraph ikaanzia Yahoo ikaingia Apache 2011 ikiwa ndo Pregel ya watu wote, kodi iko wazi, na inapanda juu ya Hadoop (mfumo wa kuhifadhi na kuchakata data kubwa kwenye klasta) uliyonayo tayari.

Kwa kazi yangu compute haijai hata skrini moja. Superstepu 0 kila nodi inajipa namba yake yenyewe kama jina la kundi na kuituma kwa jirani ambao kiungo chao kinavuka kizingiti. Superstepu zinazofuata nodi inasoma meseji, inachukua namba ndogo kuliko zote, kama ni ndogo kuliko iliyonayo inabadilisha na kutuma tena, kama sio inalala. Mwisho wa siku nodi zote za kundi moja zina namba moja. Huoni nyuzi za programu zinazopigana, huoni kufuli, huoni mashine ipi inaongea na ipi, huko chini Netty inabeba meseji na ZooKeeper inaratibu nani yuko hai, na wewe hugusi hata kimoja. Jamani huo ni ukarimu mkubwa kwa mtu anayeandika kodi.

Ushauri wangu kwa yeyote, kabla hujapeleka data yako chukua ile grafu ndogo ya kwenye maelekezo yao, mistari mitano tu, mmojawapo ni huu: [3,0,[[0,3],[1,1],[4,4]]]. Maana yake nodi namba 3, thamani yake 0, ina kiungo kwenda nodi 0 kwa umbali 3, kwenda nodi 1 kwa umbali 1, kwenda nodi 4 kwa umbali 4. Endesha mfano wa njia fupi unaoanzia nodi 1 na umfuatilie nodi 4 kwa kalamu na karatasi. Superstepu 0 nodi 1 inajiwekea umbali 0 na kutuma. Superstepu 1 nodi 2 inajua iko umbali 2 na nodi 3 iko umbali 1, nazo zinatuma. Superstepu 2 nodi 4 inapokea meseji mbili kwa mpigo, kutoka nodi 2 inaambiwa 6 na kutoka nodi 3 inaambiwa 5, inachukua 5 na kuwaarifu jirani, na raundi inayofuata jirani wanapokea 9 ambayo haiwasaidii kitu, wanarudi kulala na kazi inaisha. Kwenye faili la majibu utakuta nodi 4 ina 5.0. Ukishaiona hiyo kwa macho yako, kuandika ya kwako inakuwa rahisi kuliko unavyodhani.

Tabu inaanza ukitoka kwenye kodi kwenda kwenye klasta. Giraph unaijenga kwa Maven (kifaa cha kujenga programu za Java) na lazima uchague profaili inayoendana na Hadoop yenu, kuna hadoop_1, hadoop_2, hadoop_yarn na nyingine, na ukichagua isiyoendana wala haikwambii pale unapojenga, inajengeka vizuri tu alafu inakufa ikifika kwenye klasta. Kisha kuna ile erori ya ClassNotFoundException ambayo kila mtu anakutana nayo kwa klasi yake mwenyewe, na inachanganya watu kwa sababu klasi inatakiwa ionekane sehemu mbili tofauti: kwenye mashine unayotumia kutuma kazi, hiyo inaangalia HADOOP_CLASSPATH, na kwenye mashine za klasta zitakazofanya kazi yenyewe, hizo zinapelekewa kwa -libjars. Ukiweka moja ukasahau nyingine inafika nusu ya njia tu. Dawa niliyoridhika nayo ni kufungasha kila kitu kwenye jar (kifurushi cha kodi ya Java) moja nono, kodi yako pamoja na Giraph na vyote inavyovitegemea, alafu unaita hadoop jar kwenye jar hiyo na org.apache.giraph.GiraphRunner na jina kamili la klasi yako. Jar inakuwa kubwa, sawa, lakini unalala.

Vigezo vya amri yenyewe ni vingi ila vina mantiki: -vif ni klasi ya kusomea nodi, -vip ni njia ya faili, -vof ni klasi ya kuandikia majibu, -op ni folda ya majibu (isiwepo kabla, Hadoop itagoma), -w ni idadi ya wafanyakazi, na -ca ndo ninayoipenda zaidi, unapitisha chochote chako. Kizingiti changu napitisha hivi, -ca kazi.kizingiti=0.8, na ndani ya compute nakisoma kwa getConf().getFloat, kwahiyo nikitaka kujaribu 0.7 sijengi upya kitu chochote.

Sehemu moja nataka nikae nayo kidogo maana sijaiona imeelezwa vizuri popote. Data yangu ni jozi, rekodi A, rekodi B, alama, kwahiyo badala ya -vif unatumia -eif na -eip, yani unasoma viungo badala ya nodi. Inafaa sana. Lakini viungo vya Giraph vina upande mmoja, ukisoma A kwenda B, B hana habari na A. Na nodi inayotajwa upande wa kulia peke yake, haijawahi kuwa kushoto kwenye mstari wowote, haipo kwenye grafu wakati wa kupakia. Itazaliwa pale meseji ya kwanza itakapomfikia, yani superstepu 1, na itazaliwa na thamani ya kawaida ya LongWritable (aina ya namba nzima ya Hadoop) ambayo ni 0. Sasa fikiria kazi ya kutafuta namba ndogo: hiyo nodi haikupita superstepu 0 ya kujipa namba yake, ina 0, kila meseji inayokuja ni kubwa kuliko 0, inalala milele na jibu lake ni kundi 0 pamoja na nodi nyingine zote za aina yake ambazo hazijuani hata kidogo. Hamna erori, kazi inaisha salama, majibu ni mabovu. Dawa ni kugeuza kila kiungo wakati wa kusoma ili B naye amjue A, na Giraph ina klasi ya kazi hiyo inaitwa ReverseEdgeDuplicator, unaifunika juu ya klasi yako ya kusomea viungo. Mtu yeyote anayefanya makundi kutoka kwenye jozi ahakiki hili kwanza kabla ya kushangilia.

Jingine la kimya kimya ni meseji zenyewe. Unapozunguka kwenye orodha ya meseji Giraph inaweza kukupa kitu kile kile kila mara ikibadilisha tu thamani ndani yake, ili kuokoa memori. Ukihifadhi rejeo la meseji kwenye orodha yako ukadhani una meseji kumi tofauti, una moja mara kumi. Toa namba kwa get() na uhifadhi namba.

Haya, kukwama. Hili ndo linalowafukuza watu wengi. Unatuma kazi, inakubaliwa, vipande vya map vinaonyesha viko hai, alafu kimya, ukifungua logi ya masta (anayeratibu wafanyakazi) unakuta checkWorkers: Only found 7 responses of 10 needed to start superstep -1 inajirudia. Watu wanadhani imeharibika, kumbe ni hesabu tu. Kazi ya kawaida ya MapReduce (njia ya Hadoop ya kugawa kazi vipande vipande) ikiwa na vipande kumi na klasta ina nafasi saba, saba zinaanza na tatu zinasubiri zamu. Giraph haiwezi hivo, inavaa nguo za MapReduce lakini wafanyakazi wote lazima wawe hai wakati mmoja maana wanatumiana meseji, na juu yao kuna masta. Kwahiyo -w 10 inataka nafasi kumi na moja kwa pamoja, zikipatikana nane masta anakaa anasubiri watatu ambao hawaji, na wewe unashikilia nafasi za wenzako bila kufanya lolote. Superstepu -1 hapo ni hatua ya kupakia data, yani haujaanza hata. Angalia kwanza klasta ina nafasi ngapi wazi ndo uandike -w. Na ukijaribu kwenye laptopu kwa LocalJobRunner weka -w 1 na -ca giraph.SplitMasterWorker=false, ikose hiyo inakataa palepale na inakwambia sababu, hapo nawapongeza, ni moja ya erori chache zilizoandikwa kwa binadamu.

Kwenye idadi ya wafanyakazi nimeridhika na njia waliyotumia Facebook, mfanyakazi mmoja kwa kila mashine apewe memori yote na nyuzi nyingi kwa giraph.numComputeThreads, kuliko kujaza wadogo wadogo wengi kwenye mashine moja wanaotumiana meseji kwa mtandao wakati wamekaa pamoja.

Memori nayo ina desturi zake. Kuna namba mbili na watu wanaweka moja: mapreduce.map.memory.mb ni memori ya kontena lote, yani sehemu ya mashine aliyopewa mfanyakazi, mapreduce.map.java.opts ndo kiasi cha Java ndani ya kontena, na ya pili lazima iwe ndogo kuliko ya kwanza kwa nafasi ya kutosha kwa sababu Netty nayo inataka memori nje ya ile ya Java. Zikibanana YARN (mgawaji wa memori na nafasi ndani ya Hadoop) inaua kontena na kuandika running beyond physical memory limits, na mfanyakazi mmoja akifa kazi nzima imekufa, maana kuhifadhi hali ya katikati kumezimwa kwa kawaida, giraph.checkpointFrequency ni 0. Kwa kazi ya saa nyingi iwashe, inapunguza kasi lakini inalipa. Hapa niseme na kilio changu, klasta tuliyoikodi kwa kampuni moja ilitangazwa kuwa na memori nzuri kwa kila mashine, kumbe kiasi kinachofika kwenye YARN ni pungufu sana kwa sababu wameweka programu zao za uangalizi zinazokula sehemu, na ukurasa wao wa bei haukusema popote. Kwa kazi nyingine usingejali. Kwa Giraph ambayo inataka grafu yote ikae kwenye memori hiyo ni tofauti ya kumaliza na kutomaliza. Kabla hujalipa waulize namba inayoonekana ndani ya YARN, sio ile ya kwenye tangazo. Ipo pia giraph.useOutOfCoreGraph inayomwaga sehemu ya grafu kwenye diski, toleo la 1.2.0 waliiboresha, inasaidia usife ila itakuchosha kwa kusubiri.

Kasi sasa. Kumbuka kila raundi inamsubiri wa mwisho. Grafu za maisha halisi zina nodi chache zenye viungo vingi kupita kiasi, na Giraph inagawa nodi kwa hash ya namba zao bila kujali nani ana viungo vingapi, kwahiyo mfanyakazi aliyeangukiwa na nodi nzito anahangaika wakati wengine wamekaa kama abiria wanaosubiri basi lijae. Kwenye data za rekodi nodi hizo mara nyingi ni takataka, rekodi ambayo mtu alijaza namba ya simu sifuri tupu ili fomu ipite, ikafanana na kila mwenzake aliyefanya hivo. Hizo zinachelewesha na zinaharibu jibu, zinavuta watu wasiohusiana kwenye kundi moja kubwa. Zichuje kabla. Na andika MessageCombiner, kwa kutafuta namba ndogo ni mistari michache tu, meseji mia zinazokwenda kwa nodi moja zinageuka moja kabla hazijasafiri. Kwangu hiyo ndo iliyoleta tofauti inayoonekana zaidi ya kucheza na mipangilio mingine yote.

Udhaifu ambao mipangilio haiutibu ni minyororo. Namba ndogo inatembea hatua moja kwa kila superstepu, kwahiyo ukiwa na mnyororo wa nodi elfu moja na ndogo iko mwisho mmoja, ni superstepu karibu elfu moja, nyingi zake nodi moja tu ndo iko macho na klasta nzima inapiga foleni kuisubiri. Hilo ni la hii njia ya kueneza namba popote utakapoiendesha. Kama data yako ina minyororo mirefu tafuta algorithimu nyingine, GraphFrames ya kwenye Spark (mfumo mwingine wa data kubwa) kwa mfano inatumia njia ya kuunganisha nyota kubwa na ndogo inayopunguza raundi sana.

Na uwezo wake jamani sio wa kubishana. Mwaka 2013 Facebook walieleza walivyoendesha PageRank (hesabu ya kupima umuhimu wa kila nodi) kwenye grafu ya viungo trilioni moja kwa mashine 200, raundi moja chini ya dakika nne. Trilioni. Sehemu kubwa ya hiyo ni kwamba waliacha kuhifadhi kila kiungo kama kitu cha Java wakavibana kwenye safu za baiti, na maboresho hayo yakaja kwetu sote. Kwa ukubwa huo ilistahili heshima yote.

Ila wewe una viungo trilioni? Hapa ndo nasimama kabisa. Mwaka 2015 Frank McSherry na wenzake wawili walichukua grafu ya Twitter yenye nodi milioni 41 na ushee na viungo kama bilioni 1.5, wakaandika PageRank ya uzi mmoja wa programu ikatembea kwenye laptopu. Raundi 20 ziliisha kwa sekunde 300, wakati GraphX, maktaba ya grafu ya Spark, kwa viini 128 vya prosesa namba zilizochapishwa ni sekunde 419. Bilioni na nusu, laptopu. Kazi nyingi ninazoona watu wanazipeleka kwenye klasta hazifiki hata robo ya hiyo. Na kwa makundi kama ya kwangu kuna njia ya kuunganisha kwa uzi mmoja, kila nodi inamshika mzazi wake na unafupisha njia unapopita, unasoma faili la jozi mara moja tu kutoka juu mpaka chini na umemaliza, minyororo haikusumbui wala nodi nzito haikusumbui. Kama namba za nodi zako zinaingia kwenye memori ya mashine moja, na viungo vinaweza kubaki kwenye diski, anzia hapo kabla hujaomba hata nafasi moja ya klasta.

Kama hazitoshi na tayari mna Spark, GraphX ina opereta ya Pregel yenye fikra ile ile, unaandika Scala, na GraphFrames ni rahisi zaidi kwa waliozoea DataFrame, ila kwa makundi kumbuka kuiwekea folda ya checkpoint (ya kuhifadhi hali ya katikati) la sivyo inagoma kuanza. Zote mbili kwa uzoefu wangu zinakula memori kuliko Giraph kwa grafu ile ile, lakini foleni ya kutuma kazi ni fupi mno na ukikwama kuna watu wa kuwauliza, kitu ambacho Giraph haina tena.

Wenye Giraph inayotembea kila usiku kazini na haisumbui, sisemi muizime kesho. Toleo la mwisho ni 1.3.0 la mwaka 2020, hifadhini jar zake na Hadoop inayoendana nayo kwenye hifadhi yenu wenyewe, kisha anzeni kuhama polepole. Ile compute mtaihamishia kwenye Pregel ya GraphX bila shida, ni mantiki ile ile. Kinachokula muda ni klasi za kusoma na kuandika data, hizo mtaandika upya zote, kwahiyo mpangieni mtu huko kwanza.